Kuzoa Maji

Msimbazi uliingia usiku wa Jumanne bila kupiga hodi,
ukapanda vidato vitatu vya steshenari yangu, Magomeni Suna,
ukakalia rimu za karatasi kama mgeni asiye na haya,
ukaondoka alfajiri
na kompyuta imejaa tope kinywani.

Diski kuu niliiviringisha kwenye khanga kavu,
nikaibeba kama yai la kuazima
hadi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili,
kwa Hilali Mbwambo.

"Umeiwasha?" Hata salamu hakuisubiri.
Nikasema, mara moja tu.
"Mara ngapi?"
Nikasema, tatu.
Akaguna, guno la tabibu aliyezoea kudanganywa.

Akaitega sikioni. Ndani: ta, ta, ta,
ukucha wa mtu agongaye mlango
wa nyumba iliyohamwa.

Akafunga madirisha, akazima pangaboi.
Joto la Aprili likatushukia mabegani.
"Vumbi la Kariakoo," alisema, "punje yake moja
humu ndani ni jabali."
Akafungua kifuniko, nikaiona sahani:
sijawahi kujitazama katika kioo safi namna ile.
Uso wangu ulikuwamo, na kwenye paji
mkwaruzo wa duara, mwembamba kama unywele.
"Kilichokuwa hapo," akasema, "usinidai."

Kwa wauza chakavu akapata diski pacha,
kiwanda kilekile, mwaka uleule, nzima.
Akaing'oa kichwa, akaipachikia yangu.
Sikumuuliza pacha alikuwa na habari za nani.

Umeme ulikatika mara sita kwa siku nne;
betri mbili za gari zilikesha chini ya meza.
Asilimia kumi na moja.
Asilimia kumi na moja.
Kumi na mbili.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hilali hakubishana na wahenga,
alichukua kijiko.

Yakarudi mafaili elfu tisa na ushei,
yote bila majina.
Majina, alinieleza, huhifadhiwa chumba kingine,
na chumba hicho kimekwenda na maji.
Kila faili likapewa namba, kama wahanga
waliolazwa sakafuni shule ya msingi.

Basi nikaketi nikasoma, moja moja.
412: Chausiku anaomba kazi ya usafi,
"uzoefu miaka kumi, nyumbani kwangu."
977: ratiba ya mazishi ya Mwalimu Ndimbo,
jina la marehemu nimelikosea; aibu ikarudi nzima,
haikupungua hata herufi.
1530: kadi ya harusi, Zaituni na Gervas.
1531: kadi ya harusi, Zaituni na mtu mwingine,
mwezi uleule.
2208: picha ya pasipoti. Macho yapo, pua ipo,
chini ya pua ni kijivu kitupu.
Nilimkazia macho muda mrefu. Nani wewe?
Hana mdomo wa kunijibu.

Nami, kusema kweli, nilitaka faili moja tu:
daftari la madeni, miaka saba,
nani kachapiwa, nani kasema "mwisho wa mwezi."
Lilifunguka miraba mitupu na alama za kuuliza.
Nikampigia Hilali. Akacheka:
"Si nilikwambia usinidai?"

Alhamisi akaja Bwana Kihwelo,
elfu nne na mia tano, tangu mwaka juzi.
Mkataba wa kiwanja chake, je, umepona?
Niliutafuta kwa kosa langu mwenyewe,
maana mimi siku zote huandika "mashaidi",
na h huiacha njiani.
Ukatokea. Nikauchapa, kurasa mbili.

Akaweka mezani mia sita ya leo.
Kisha akasimama, mkono mfukoni,
akinichungulia usoni
kama anayetafuta mkwaruzo.
Mimi nilikuwa nimeinama,
naliandikia faili jina lake.